Nisalimie Kutoka Ng'ambo ya Barabara

Zandi mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako mtaani Hillbrow, nami nimebaki mezani na kalamu. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kamba, linanitazama. Mvua ya radi imepita, dirisha liko wazi, na watu wa ghorofa ya pili wamefungulia muziki wao wa Kikongo kwa sauti ile ile ambayo baba yako alikuwa akigonga sakafu kwa ufagio ili waipunguze, kisha anaanza kuicheza. Nina furaha tangu alfajiri. Leo nimeuza maandazi huku nikimwambia kila mteja, hata asiyeuliza, kwamba binti yangu anakwenda Durban kufanya kazi ya hesabu katika kampuni ya meli. Mmoja akaniambia, "Mama, jana pia uliniambia." Nikamwongezea andazi.

Sitakuandikia habari ya kufunga mlango, wala ya kupika, wala ya wanaume. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyamalizia kabla sijafika mwisho. Nataka tuzungumze habari ya Jumapili.

Jumapili uliweka mezani karatasi za bima ulizopewa na kampuni, ukanieleza vizuri, maana kueleza unajua. Wiki yako ya kwanza kazini lazima uchague mpango. Kuna ule mwepesi, unaolipia kulazwa hospitali tu. Kuna wa pili, ambao una macho ndani yake: kupimwa kila mwaka, lenzi, na fremu ukitaka. Mshahara wako wa kuanzia unaweza kubeba huo wa pili kwa mtu mmoja, au ule mwepesi kwa watu wawili. Ukasema umeshaamua. Utachukua mwepesi, na mtu wa pili ni mimi, mtegemezi wako, kwa sababu ya jicho langu la kushoto, lililoingia ukungu.

Nikakuuliza, "Na macho yako?"

"Macho yangu yako sharp, Mama. Yakisumbua nitabadilisha mpango."

"Wanaruhusu kubadilisha lini?"

"Mwisho wa mwaka."

"Na sasa ni mwezi gani?"

"Januari," ukasema kwa sauti ndogo, ukachukua sahani yako ukaenda kulia chakula jikoni. Nami nikabaki na karatasi zenye picha ya familia inayocheka. Sijui wamewahi kuona wapi familia inayocheka ikichagua bima.

Ila sisi tuliwahi kucheka. Nikueleze jinsi mimi na baba yako tulivyochagua mara ya kwanza, kwa sababu wewe unaikumbuka ile sanamu ya duka la nguo tu, bima huikumbuki.

Tulipofika hapa kutoka Morogoro ulikuwa na miaka tisa. Baba yako alikuwa anarudi kwao baada ya miaka yote ile ya uhamishoni kwenye kambi za wapigania uhuru, na mimi nilikuwa namfuata mume wangu kwenye nchi ambayo niliijua kwa nyimbo zake tu. Akapata kazi ya stoo. Ulipofika mwisho wa mwaka waliwakusanya wafanyakazi kantini, na wake waliotaka kwenda waliruhusiwa, nikaenda na kanga yangu mpya. Kijana aliyevaa tai akaeleza mipango. Mmoja ulikuwa na meno, mwingine ulikuwa na macho. Mwaka ule baba yako alikuwa ameteswa na jino, unajua mwenyewe, shavu lilikuwa kama kitumbua. Basi hata hakusikiliza. Yule kijana akamuuliza, "Na macho je, baba?" Baba yako akasimama kantini nzima ikimwona.

"Eish, bwana mdogo! Mimi nililinda kambi usiku. Nilikuwa namwona sungura kabla sungura hajajiona."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa fahari. Tukachagua meno. Hivyo ndivyo tulivyochagua, Zandi. Tulitazama kilichotuuma mwaka uliokwisha, tukalipia hicho. Jino lenyewe lilikuwa limeshang'olewa.

Mwaka mpya ulipoanza, malalamiko yakaanza. Wa kwanza alikuwa Mzee Sefu, yule wa Tanga aliyekuwa anauza kofia pale kona ya Joubert Park. Alipanda ngazi zote hadi kwetu kuja kunishitakia.

"Mama Zandi, mtoto wako amenipita."

"Amekupita vipi, mzee wangu?"

"Amenipita kama nguzo ya umeme. Namtazama, ananitazama, anapita. Kule Morogoro mlimfundisha, hapa Joburg mmemwacha?"

Nikaona aibu mpaka masikioni. Unajua sisi tulivyo. Mtoto anaweza kufeli hesabu, anaweza kuvunja sahani, atasamehewa. Lakini asiyemwamkia mtu mzima amemvua nguo mama yake barabarani. Wiki hiyo hiyo akaja mwingine, kisha mwingine. Kila mmoja umempita, na kila mmoja ana maelezo yake. Ni shule za hapa. Ni televisheni. Ni kwa sababu baba yake si wa kwetu, na huko kwao labda watoto hawaamkii. Baba yako aliposikia hilo la mwisho alikasirika kweli. Akasema kwao mtoto asiyesalimu hapewi hata maji.

Basi tukakukalisha kitandani, mmoja huku na mmoja kule, tukakusema. Wewe ulikuwa unaangalia magoti yako. Ukasema, "Sikuwaona, Mama." Nikakujibu, "Huwaoni kwa sababu hutaki kuwaona." Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi, na sasa naweza kuyaandika bila kulia kwa sababu ya kilichofuata. Uliyajibu mwenyewe, Jumamosi ile, mbele ya watu.

Tulikuwa tunakwenda sokoni. Wewe ulikuwa umeogopa, na katika kuogopa ulikuwa umejitungia dawa: utamwamkia kila mtu, ili usimkose hata mmoja. Tulipotoka tu mlangoni ukaanza. "Shikamoo!" kwa kijana anayeuza soksi, ambaye hakuwa amekuzidi sana umri, akakujibu, "Sharp, sister." "Shikamoo!" kwa askari wa benki. Tukasimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, kusubiri ya kijani, ukageuka upande wa sanduku la posta, lile jekundu, ukaliamkia kwa heshima zote. Nilidhani unanifanyia mzaha. Nikakufinya.

Kisha tukafika kwenye lile duka la nguo ambalo lilikuwa linatoa sanamu zake nje, mlangoni. Moja ilikuwa imevishwa koti la buluu na kofia ya kanisani. Ukasimama mbele yake, ukaweka mikono pamoja, ukainama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Ikanyamaza. Ukasogea hatua moja.

"Shikamoo, bibi."

Ukasubiri. Kisha ukanigeukia, na uso wako ulikuwa na uchungu wa haki kabisa.

"Mama, huyu naye hana adabu. Twende tukamwambie mama yake."

Mama Furaha, jirani yetu wa Bukavu, alikuwa nyuma yetu na kapu lake. Alicheka mpaka akaliweka kapu chini. Halafu kicheko kikakatika, akakushika kidevu, akainua vidole vyake akavipeleka mbali, akakuuliza viko vingapi. Ukasema huoni vidole. Akavileta karibu kidogo. Ukasema huoni bado. Akanitazama.

"Mama Zandi, ule mutoto hana kiburi. Ule mutoto haone."

Nilikaa chini pale pale, kwenye ngazi ya duka, miguuni pa sanamu. Ulidhani nalia kwa sababu umekosea tena, ukaniambia hutaisalimia tena.

Tulirudi kwa yule kijana wa tai. Alikuwa mpole, akatueleza kwamba mpango ni ule tuliouchagua, na mlango hufunguliwa mwisho wa mwaka tu. Baba yako akamuuliza kama meno yanaweza kubadilishwa yakawa macho. Hakuwa anatania. Mwaka ulikuwa bado mchanga, na wewe ulikuwa unakaa dawati la mbele na bado unanakili ubao kutoka kwenye daftari la mwenzako.

Habari ilimfikia Mzee Sefu kabla sijafika nyumbani. Jioni alikuja, na wale wengine waliokushitaki walikuja nyuma yake, wamevaa kama watu wa posa. Mzee Sefu hakukaa. Alisema, "Tumemsingizia mtoto. Miwani ni yetu." Wakachangishana. Baba yako alitaka kukataa, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Tatizo ni kwamba mtu akichangia anataka na kuchagua. Unalikumbuka duka la miwani? Wazee watatu waliingia pamoja nasi, kofia mkononi, wakawekewa viti. Yule dada wa duka akakuletea fremu ndogo nzuri, za rangi ya zambarau, ukazipenda.

Mzee Sefu akatikisa kichwa. "Hizo ni ndogo. Macho yatachungulia pembeni."

"Mzee, anaangalia katikati," dada akasema.

"Leo anaangalia katikati. Kesho gari linatokea pembeni."

Wenzake wakaitikia kama wako msikitini. Ndivyo ulivyopata ile miwani ya kahawia, mikubwa kama madirisha ya basi, na ndivyo shuleni walivyokuita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, mpaka darasa la saba. Ulilia siku ya kwanza. Siku ya pili ulirudi ukaniambia Gogo amekuwa wa tatu katika hesabu.

Lakini ninachotaka ukikumbuke ni njia ya kurudi nyumbani siku ile. Mimi nimeiweka moyoni kuliko harusi yangu. Ulitoka dukani ukasimama. Hukutembea. Ukainua uso kwenye maghorofa ya Joubert Park, kule juu watu wanakoanika nguo, ukasema polepole, "Mama, kule juu kuna watu." Nikasema, ndiyo, wanaishi kule. Ukasema, "Wana sura." Kwako walikuwa nguo tu, siku zote. Kisha ukamwona Mama Furaha kwenye baraza yake ya ghorofa ya nne, anakamua shuka, ukavuta pumzi ukapiga kelele hata makondakta wa teksi wakageuka.

"Shikamoo, Mama Furaha!"

"Marahaba, mutoto yangu!" akajibu, na maji ya shuka yote yakamwagikia Mzee Sefu. Mzee wa watu alisimama analowa, anacheka, anafuta kofia. Ukamwamkia na yeye. Ukaamkia baraza moja baada ya nyingine, wengine Wazulu, wengine Wanigeria, wasiojua unasema nini, wakakupungia mkono. Baba yako alikuwa amekuja kutupokea, akasimama ng'ambo ya barabara. Ukamwona akiwa mbali, kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii ulimwona kabla hajakuita. Ulikimbia. Taa ilikuwa ya kijani, nashukuru.

Mwisho wa mwaka ule alikwenda kantini akasimama tena, bila sungura. Akawaeleza habari ya sanamu. Walicheka, halafu mmoja akauliza jinsi ya kujua kama mtoto wake haoni, na mwingine akauliza pia, na yule kijana wa tai akachelewa kwenda nyumbani. Tukachagua macho. Januari sote watatu tukaenda kupimwa, baba yako kwa ajili ya kutusindikiza tu. Dada akamwambia asome herufi. Akasoma ile moja kubwa ya juu, akaomba wawashe taa. Taa zilikuwa zinawaka.

Mlinzi wa kambi! Sungura wote wale, sijui walikuwa nini. Alipovaa miwani yake alinitazama muda mrefu, mbele ya dada wa duka, mpaka nikajifunika na kanga. Akasema, "Mama Zandi, kumbe nilioa vizuri hivi, na nilikuwa sijui." Nilimwambia anyamaze. Nimeishi na maneno hayo mpaka leo, yananitosha.

Unajua alivyokuwa anaipulizia pumzi, haa, haa, kisha anaipangusa kwa shati, na shati lenyewe chafu. Alipofariki, ndugu zake walitaka azikwe nayo. Niliwaomba waniachie. Sikuweza kuendelea kulipia bima yake, iliondoka naye, lakini miwani ilibaki. Iko hapo dirishani, imeelekea barabarani, na nikiipangusa huwa naipulizia kama yeye. Wewe uliwahi kunikuta ukajifanya unatafuta kijiko. Ahsante kwa kijiko kile.

Sasa macho yako. Mwaka jana, kwenye kliniki ya wanafunzi, yule daktari alikutia matone, akatazama ndani kwa muda, kisha akatueleza sote wawili. Kwa mtu mwenye lenzi nzito kama zako, ngozi ya nyuma ya jicho imevutika ikawa nyembamba. Inaweza kuchanika, na haitauma. Akasema njoo kila mwaka nikutazame, kila mwaka, na ukiona vimulimuli au pazia jeusi pembeni usingoje asubuhi. Ulitoka pale ukaniambia amezidisha. Nilikuangalia ulivyokuwa unashuka ngazi huku matone yamekulegeza macho, umenishika bega kama ulivyokuwa mdogo. Hujawahi kunishika bega hivyo kwa jambo lililozidishwa.

Jumapili ulisema hayakuumi. Baba yako pia hayakumuuma.

Na jicho langu. Hili ndilo ambalo hukunipa nafasi ya kusema, ulikuwa umeshahamia jikoni. Jumatatu nilikwenda kwa yule dada wa duka la miwani. Bado yupo, amenenepa, anakukumbuka, anakuita Gogo. Nikamwuliza, binti yangu akiniingiza kwenye bima yake, hili jicho watalitengeneza lini? Akaniambia mtu anayeingia na ugonjwa alionao tayari, mara nyingi wanaweza kumngojesha hata mwaka mzima kabla ya kuulipia. Kwa hiyo, mwanangu, ungeacha macho yako ili mimi nikae kwenye foleni. Na foleni tayari ninayo! Ijumaa, kabla ya Jumapili ile, nilipokea simu ya hospitali ya serikali. Wamenipa siku yangu, Aprili. Nilitaka kukuambia Jumapili baada ya chakula, niliweka na nyama kwa ajili hiyo. Watatoa ule ukungu, wataweka lenzi ndogo ndani, na jioni narudi nyumbani. Mama Furaha atanipeleka, na ameshaanza kugombana na manesi kabla hajawaona.

Nenda nao huo mpango wa macho, mtu mmoja, wewe. Uliza kwanza duka gani wanalikubali, maana si yote. Uliza kama kupimwa kwa matone kumo, au wanahesabu kusoma herufi tu. Na fremu, chukua unayoipenda, hata ya zambarau. Mzee Sefu hayupo tena kukukataza, Mungu amlaze pema, na mimi sitakuchongea.

Mwisho wa mwaka, mlango ukifunguliwa tena, na kama watakuwa wamekuongeza mshahara, tutakaa tuzungumze habari ya mtegemezi. Nitakuwa nina macho mawili ya kukutazama ukinidanganya.

Barua hii nitaiweka chini ya miwani yako kando ya kitanda ukishalala, kwa sababu asubuhi huwezi kutafuta kitu kingine chochote kabla yake. Utakapoisoma mimi nitakuwa nimeshaondoka, unga haungoji. Nitakuwa kwenye meza yangu pale ng'ambo ya lango la mabasi, na kanga ya njano. Nisingependa tuagane kwa kubishana tena, na machozi yanaharibu maandazi. Kwa hiyo nakuomba hivi. Kutoka upande ule sitaweza kukuona vizuri, ukungu umezidi na jicho la kulia peke yake halifiki mbali, utakuwa kwangu nguo tu. Wewe utaniona. Kama umekubali kuchagua macho yako, usivuke kwanza. Simama pale pale kwenye roboti, weka sanduku chini, uniamkie kwa sauti, mbele ya watu wa teksi na wa mabasi na kila sanamu iliyoko mlangoni.

Nitakuwa nimetega sikio tangu alfajiri, na marahaba yako iko tayari mdomoni.

Mama